Moteri Huja Mwisho

Sebuleni kwa Kapiteni kulikuwa na viti vya mbao, meza yenye kitambaa cha kufuma, picha ya Bikira Maria, na sanduku jeusi la chuma lenye ubavu mmoja wa kioo. Sanduku lilikuwa tupu. Ukichungulia kwenye kioo uliona ukuta wa upande wa pili. Lilikaa tupu hivyo kwa miaka, na mgeni akithubutu kuweka glasi juu yake, Kapiteni alimfokea kana kwamba amekojoa kanisani.

"Toa glasi! Ile iko bato!"

Bato, kwetu Kisangani, ni chochote kinachobeba watu juu ya maji kwa moteri. Mgeni aliangalia sanduku, akamwangalia Kapiteni, akatoa glasi. Hakuna aliyebishana na sauti ile.

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Watu wa mto wanapenda kuanzia hapo, na wakianzia hapo chakula kinapoa kabla hawajamfikia mtu mwenyewe. Mimi ni mfanyabiashara. Nilishuka kutoka Kivu ya Kaskazini na baiskeli na gunia la chumvi, shule niliiacha nikiwa bado nafuata herufi kwa kidole, na leo nina depo ya vipuri vya pikipiki ambayo hakuna aliyenishika mkono kuijenga. Kapiteni alikuwa jirani yangu hapa komine ya Tshopo, mtaa mmoja wa Kisangani, ua wake na ua wangu zimeshikana. Leo nyumba ile ina wapangaji wengine. Naandika nilichokiona.

Nilichokiona ni hiki: mtu aliyeendesha balenieri, zile boti ndefu za mbao, kati ya Basoko na Kisangani, macho yake yakaanza kufa kutoka pembeni, na kabla hayajafa katikati alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kompyuta. Si ya kuandikia barua. Ya michezo, yenye nguvu, ile ambayo ndani yake mtu anashika usukani wa meli na mto unakuja mbele yake. Mengine yote ni namna alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na alitembea katikati ya barabara. Toleka, vijana wa baiskeli za abiria, walimpigia kengele, yeye hasogei. Walidhani ni kiburi. Nusu ilikuwa kiburi kweli. Nusu nyingine ni kwamba hakuwaona mpaka wafike mbele ya pua yake. Kabla ya kuvuka alisimama, akageuza kichwa chote, kushoto mpaka begani, kulia mpaka begani, taratibu kama bundi, ndipo akavuka bila haraka.

"Kapiteni, siku moja moto itakugonga," nilimwambia. Moto ndiyo pikipiki kwetu.

"Inigonge. Mwenye moto atakuya kununua pièces kwako. Si utafurahi, Depo?"

Aliniita Depo, jina la duka langu. Mbele za watu alisema Papa Depo, kwa heshima. Tukibaki wawili alirudi kwenye Depo, na siku akiwa na hasira nilikuwa "wee mutu ya milima", kwa sababu kwetu hakuna mto wa maana na yeye hakuamini kwamba mtu anaweza kukua vizuri mbali na maji.

Alikuwa na neno lake: tupime. Kwenye balenieri kuna watu wawili wanaosimama mbele na fito zilizochorwa mistari, wanachoma maji kujua kina, na kapiteni anawapigia kelele, "Pima! Pima!" Alipoacha mto, neno halikumwacha. Akiletewa supu ya moto, tupime kwanza. Padri mpya akifika parokiani, tupime kwanza. Mkwe alipokuja kuomba binti, Kapiteni alisema "tupime" mbele ya ukoo wote, na ule ukoo mwingine ukakasirika, wakadhani anataka kumpima kijana kwa daktari.

Na alikuwa na jambo lingine alilolileta kutoka mtoni. Boti ikipanda mchanga wakati wa kiangazi, haichomoki. Watu wanasukuma, wanatukana, mwisho wanachoka. Hapo Kapiteni alikuwa anavua kofia, anaiweka gotini, anasema, "Bon. Tungoje maji ipande." Akishasema hivyo hujibiwi tena. Abiria mmoja alinisimulia kwamba safari moja aliyasema maneno hayo kiangazi kikiwa ndiyo kinaanza, kila mtu anajua maji hayatapanda leo wala mwezi ule. Kofia gotini. Mama mmoja akaanza kuuza maandazi pale pale juu ya mchanga. Mwisho watu waliondoka mmoja mmoja kwa mitumbwi iliyopita, na yeye akabaki na boti yake.

Kuhusu kuacha kazi, alikuwa mwongo. Alisema aliacha maji kwa sababu ya matajiri wenye boti, wezi wote, wanapakia mizigo mpaka maji yanaingia na wanataka kapiteni afanye miujiza. Alilisema vizuri sana, na mimi nilikuwa naitikia. Lakini mkewe, Mama Kapiteni, aliniambia ilivyokuwa. Karibu na Barumbu aligonga mtumbwi uliokuwa upande wake wa kushoto mchana mweupe. Watu wote waliokolewa, vikapu vya samaki wa kukausha vikaenda na maji. Wenye mtumbwi walipiga kelele, "Wee, hauone?" Alipofika Basoko akampa msaidizi wake usukani, akarudi Kisangani kama abiria, amekaa juu ya magunia, mgongo umeelekea mbele.

Mimi mwenyewe nilielewa macho yake siku aliyoingia depo, akachukua kipande cha bomba la moshi la pikipiki, akaniwekea kwenye jicho.

"Angalia barabara."

Niliangalia. Niliona kipande cha mama anayeuza mihogo, bila mihogo yenyewe.

"Njo vile minaona," alisema, yaani ndivyo anavyoona. "Na kila mwaka, Mungu ananibadilishia bomba. Ananipatia ya kidogo zaidi."

Nikamwambia arudishe bomba mahali pake.

Kompyuta iliingia maishani mwake kwa ajali. Mashine ya depo, ile inayochapa risiti, ilikufa, nikaipeleka mjini, kwenye karakana ya dada mmoja tuliyemwita Teknisieni, na Kapiteni akanifuata kwa sababu hakuwa na kazi. Dada yule alikuwa na ekra yake, kioo cha kompyuta, mezani, na kwenye ekra meli inasukuma majahazi ya mizigo, ukungu mbele, kona inakuja.

Kapiteni alisimama. Akasogea. Akaweka uso karibu.

"Nani anaendesha?"

"Iko muchezo, papa. Niko nangoja mashine ya papa huyu ipoe."

"Anaenda kupanda muchanga."

"Papa, ni muchezo tu."

"Muchanga haijue muchezo. Leta!"

Akakaa kwenye kiti cha dada bila kukaribishwa. Dada alimwonyesha vitufe, hiki kulia, hiki kushoto, hiki moteri. Mara ya kwanza aligonga ukingo akatukana kwa lugha ya kwao. Mara ya pili alipita. Kona ya tatu alishaanza kuimba puani, sauti ya bezi, kama alivyoimba kwenye kwaya ya parokia. Nilisubiri mashine yangu ikamalizika, nikalipa, nikasimama mlangoni, yeye yupo.

Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Depo. Iko yote mule. Minaona kingo yote mbili. Kushoto na kulia, kwa mara moja."

Hapo ndipo nilielewa. Mto wa kweli ulikuwa umekuwa mpana kuliko bomba lake. Mto wa kwenye ekra uliingia wote ndani yake. Lakini bomba lilikuwa linapungua, na yeye alijua.

Watu walimwambia ajaribu kwenye simu. Alijaribu siku moja, akasema ile ni bato ya karatasi, haina uzito, ukiigeuza inageuka papo hapo kama mjinga. Walimwambia anunue kompyuta ya ofisini iliyotumika. Teknisieni akasema ile haitauendesha mchezo huu, itakohoa na kusimama, inahitaji kadi ya picha yenye nguvu. Akamwambia mashine ya bei ya watu wa kawaida inawezekana, ila lazima wachague kwa utaratibu.

"Papa, tuanze na prosesa na kadi mama, pamoja, siku moja. Prosesa njo moteri. Kadi mama njo sakafu yenye kubeba moteri. Vile viwili lazima viwe vya kizazi kimoja. Kisha kadi ya picha. Sanduku iko ya mwisho, hata tukiweka ndani ya kartoni inatembea."

Kapiteni alimwangalia kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Moteri kwanza? Mwana yangu, nani alikulea?"

Inabidi nieleze sheria yao, la sivyo mtamwona mpumbavu, na hakuwa mpumbavu. Huko mtoni balenieri inajengwa ukingoni, ubao kwa ubao. Mtu akipata kidogo, ananunua mbavu. Msimu ujao, mbao za ubavu. Kisha misumari, lami, paa la maturubai. Boti inakaa juu ya magogo miaka na hakuna anayecheka, kwa sababu kila mtu anaona inakua. Moteri huja mwisho kabisa. Moteri ikitangulia inakula kutu, au inaibiwa, au shemeji anaiazima kwa safari moja tu. Na mtu mwenye moteri bila boti ndiye anayechekwa ukingo mzima. Kapiteni alizijua boti zilizojengwa hivyo zikatembea miaka mingi kuliko umri wa wenyewe. Kwake hii haikuwa shauri la kujadiliwa.

Nilijaribu. Nilimwambia kwamba pikipiki zangu zinakuja ndani ya kreti, fremu na moteri yake, na pistoni ya aina moja haiingii kwenye silinda ya aina nyingine hata uombe rozari nzima.

"Moto iko velo yenye kiburi," alisema. Velo ni baiskeli. "Usinifundishe juu ya moto."

Basi akanunua sanduku kwanza. Zuri kabisa, la kioo, lilishuka kutoka Kampala ndani ya kreti yangu ya pikipiki, limezungushiwa matambara. Jioni ile alialika majirani. Tulikunywa, tukala samaki na makemba, zile ndizi za kukaanga, tukazunguka sanduku tupu tukilisifu. Mimi pia nililisifu. Ungesema nini?

Namna yake ya kuchagua vipande ilikuwa yake peke yake. Kitu alikipima kwanza mkononi, akakigonga kwa ukucha, akakinusa. Lile tofali la chuma linalopokea umeme na kuugawa kwa vipande vingine, alilichagua kwa uzito. "Tangi nyepesi iko uongo," alisema. Teknisieni alicheka, halafu akasoma maandishi ya ubavuni akaacha kucheka, maana lilikuwa zuri kweli. Lakini kadi mama aliichagua kwa njia ile ile, kwa kuwa ilikuwa nene na haikujikunja, na hapo uzito haukumsaidia. Ilikuwa imetumika, ya kizazi kilichokuwa kinapita. Vijiti vya kumbukumbu vikafuata, vya kuingia kwenye kadi ile. Feni zenye taa za rangi alizikataa kabisa. "Bato yenye taa mingi iko nganda," alisema. Nganda ni baa. Aliyemletea akabaki nazo mkononi.

Sisimizi walipenda sanduku lile. Kila Jumamosi kabla ya kwaya alilifungua, akawapuliza kwa mdomo, akafuta kioo kwa shati kuukuu. Alikuwa bahili wa kutisha, angetembea kutoka mjini hadi kwake kuliko kumlipa toleka. Halafu mashine ya sekretari wa parokia ilipolala wiki ya Pasaka, alitoa kijiti kimoja cha kumbukumbu akampa, bila kuandikiana kitu. "Bato inaazimana kamba." Kijiti hakikurudi, na hakukiulizia, na mimi nilipotaka kwenda kukidai alinikataza kwa ukali kuliko wa siku zote.

Umeme pia lazima niuseme. Tunakaa karibu na barrage, bwawa la umeme la mto Tshopo. Nyumbani kwake, mkikaa kimya, mnasikia maji ya Tshopo yanavyoanguka. Umeme unatoka pale, na sisi tunaosikia ukitengenezwa ndio tunakaa gizani. Unakuja unavyotaka, unaondoka unavyotaka. Ukirudi, mtaa wote unapiga kelele za furaha. Ukikatika, mtaa wote unasema "aaah" kwa pamoja, kama watu wanaokosa penalti. Nilimuuliza Kapiteni mashine yake itakula nini.

"Courant itakuya."

"Na isipokuya?"

"Mto haina maji mwaka muzima, na nilifanya kazi mwaka muzima."

Nilimwambia huo si mpango. Akasema watu wa milima tunataka kila kitu kiwe na mpango, ndiyo maana tunazeeka uso mbaya.

Sasa dawa yake ya macho, matone. Daktari wa macho aliyepita mjini alimweleza waziwazi: ugonjwa huu haurudi nyuma, matone yanauchelewesha, na ni ya kila siku, bila kuruka. Kapiteni alisikia "yanauchelewesha". Hakusikia "bila kuruka". Alinunua matone kama alivyonunua mashine, kama alivyoona boti zikijengwa. Mwezi huu matone. Mwezi ujao kipande cha chuma. Mwezi unaofuata matone tena, ikiwezekana. Katika kichwa chake, ubao uliouacha kwa msimu mmoja utaukuta pale pale ulipouacha. Jicho si ubao. Ukiliacha msimu mmoja, hulikuti.

Mama Kapiteni, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, alinijia depo.

"Papa Depo, sema na rafiki yako. Anajenga dirisha, na macho ya kuangalia ku dirisha anaiacha ikufe."

"Nilishasema, mama."

"Sema kwa nguvu."

Nilisema kwa nguvu. Nilimwambia mbele ya sanduku lake kwamba anajiua macho kwa mkono wake, kwamba aache chuma mpaka ajue matone yatatoka wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo baya, kwa kuwa kwa kawaida alinikatiza.

"Matone itanipatia nini, Depo? Niangalie nini? Nikae hapa ku kiti, niangalie ukuta wa kwako, miaka mingine, muzuri kabisa, bila kuruka?"

Mama Kapiteni alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia jikoni. Sikurudia tena maneno yale, na yeye hakuniomba tena.

Prosesa ilikuja baada ya barabara ya Ituri kufunguka. Nilimkabidhi mwenyewe. Kitu chenyewe ni kidogo kama biskuti. Aliishangaa. "Moteri ya bato yote njo hii?" Aliivisha mfuko wa rozari, akaitia mfuko wa shati, akavaa kofia ya kazi, tukaenda kwa Teknisieni, sanduku limetangulia kwa toleka. Njia nzima alisalimia watu ambao hakuwaona, ili mradi wasimpite bila salamu.

Dada alifungua sanduku, akaitoa biskuti, akaisogeza juu ya kadi mama. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Funga," Kapiteni alisema.

"Papa, haiingie."

"Geuza."

"Nimegeuza. Hii iko ya kizazi ingine. Angalia, meno yake na matundu hazipatane."

"Chonga."

"Haichongwe, papa. Meno ni kama nywele. Ukichonga, unaiua."

"Alors tubadilishe sakafu."

Dada alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyepaswa kusema. Akamweleza taratibu kwamba kadi mama nyingine inawezekana, lakini itataka vijiti vingine vya kumbukumbu, vile alivyonavyo havitaingia. Na kwamba prosesa ya kuendana na kadi yake ya zamani haipatikani tena, ikipatikana ni ya kuokota, na itakuwa dhaifu, mchezo utakohoa. Katika vyote alivyonunua, vya kufaa ni sanduku, tofali la umeme na biskuti hiyo.

"Kama tungeanza na moteri," dada akaanza.

"Nimesikia, mwana yangu. Nyamaza. Nimesikia."

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Alisimama kwenye ngazi muda mrefu.

"Kanisa kubwa iko upande gani?"

Lilikuwa mbele yake, jekundu, huwezi kulikosa.

"Mbele," nilisema.

"Nipatie mukono, Depo. Jua iko mingi leo."

Kadi mama, vijiti na kadi ya picha nilivileta mwenyewe, vyote siku moja, vya kizazi kimoja na prosesa ile, baada ya Teknisieni kuniandikia majina nikayaonyesha kwa wauzaji bila kuyasoma. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa na nafasi ndani ya kreti. Lakini barabara ilifungwa tena, kreti ikalala njiani, mvua ikaja ikaisha. Na wakati kreti imelala, niliona jambo. Kapiteni alivuka barabara mbele ya depo yangu na hakugeuza kichwa. Wala kushoto wala kulia. Alisikiliza, akavuka. Nilijua hapo hapo kwamba bomba limeziba. Sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Niliendelea kuisubiri kreti, sijui niliisubiri kwa ajili ya nani.

Ilifika. Teknisieni alikuja nyumbani kwake mchana na bisibisi zake, pamoja na ekra, vitufe na diski yenye mchezo ule, vya kumwazima. Kapiteni alikaa kitini, kofia kichwani, akataka kila kipande kipitie mikononi mwake kabla ya kufungwa. Alikipima, akakigonga kwa ukucha, akakinusa. "Hii njo sakafu. Hii ni moteri. Hii nzito ya mwisho njo ya kuonyesha picha." Hakukosea hata kimoja. Dada alifanya kazi ameinamisha kichwa, na aliendelea kukiinamisha hata pale ambapo hakuna skrubu ya kufunga. Alipomaliza alimuaga kwa kumshika mikono miwili, akaenda.

Umeme ulikuwepo. Sanduku likanguruma. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake. Kapiteni aliinua kidole.

"Sikia. Moteri muzuri."

Meli ikatokea kwenye ekra. Akanisukumia vitufe.

"Endesha."

"Mimi?"

"Depo ingine iko hapa? Wewe. Niambie unaona nini, mi nitakupitisha."

Nimeendesha malori, nimeendesha watu, nimejenga depo. Vile vitufe nilivigusa kwa kidole kimoja kimoja. Mama Kapiteni alisimama nyuma yetu na taulo la jikoni begani.

"Unaona nini?"

"Maji."

"Maji gani? Yenye kukunja ngozi, ao laini?"

"Maji, Kapiteni. Ni maji."

"Kweli shule ulikimbia, Depo."

"Nilikimbia. Lakini kwetu hata ningebaki, hawafundishe maji."

"Tafuta kwenye ni nyeusi. Nyeusi njo kuko kina. Fuata nyeusi."

Nilitafuta. Nawaambia ukweli, niliutafuta weusi ule kwa macho yangu yote mawili mazima.

"Yote iko ya buluu."

"Hakuna mto ya buluu."

"Hii iko ya buluu. Kutoka ukingo mpaka ukingo."

Nadhani siku zote alikuwa akiona maji ya kwake juu ya maji ya ekra, na sasa alikuwa anayatafuta kupitia kwangu, na kwangu hayakuwepo.

"Kona inakuya?"

"Inakuya."

"Pima."

"Nipime na nini?"

"Pima, Depo! Punguza moteri! Kushoto, kushoto, usi..."

Meli ilitikisika ikasimama. Maji ya buluu yaliendelea kupita kando yake.

"Tumepanda," alisema.

"Tumepanda."

"Muchanga ao jiwe?"

"Muchanga."

"Rudisha nyuma taratibu."

Kabla sijakitafuta kitufe, mtaa wote ulisema "aaah". Ekra ikawa nyeusi. Ndani ya sanduku feni zilizunguka bado kidogo, zikapungua, zikaacha.

Mama Kapiteni alitoa taulo begani, akalikunja. Mimi nilibaki na vidole juu ya vitufe. Katika kioo cheusi cha ekra niliona sura zetu wote watatu.

Kapiteni alivua kofia, akaiweka gotini.

"Bon," alisema. "Tungoje maji ipande."

Nilikuwa na depo ya kufunga na watu wa kulipwa. Nilikaa. Nje, maji ya Tshopo yalikuwa yanaanguka kwenye barrage, mengi kabisa, na hakuna taa hata moja iliyowaka.